Mgonjwa wa kansa akipewa ruhusa, ondokeni na namba ya nesi

Ndugu zangu mnaouguza wagonjwa wa kansa, siku daktari akisema mama aende nyumbani msikimbilie kutafuta gari. Ulizeni kwanza, huko tunakoenda nani anampokea? Maana ukitoka Ocean Road, hospitali ya kansa pale Dar, ukarudi zako Singida, waliokuwa wanamjua mgonjwa wote umewaacha huko, zahanati ya kijijini haina habari alipigwa kemo (dawa za kuua kansa) gani, na nyumbani kila ndugu anakuja na dawa yake.

Tulipomuuguza mama mdogo (saratani ya shingo ya kizazi, mionzi na kemo) kilichotuokoa ni nesi mmoja wa hospitali ya wilaya aliyekubali kumsimamia. Akasoma karatasi ya ruhusa yote, akaongea kwa simu na wodi aliyotoka, akampanga mhudumu wa afya wa jamii awe anapita nyumbani, na sisi akatuambia tuchague mtu mmoja tu wa kumpigia, siyo asubuhi shangazi jioni mjomba na kila mtu na maelezo yake. Tukanunua kauntabuku, humo unaandika dawa na saa alizokunywa, maumivu yako wapi, kala nini, choo kapata lini.

Hilo la choo msilidharau kabisa. Morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, inafunga choo vibaya, kwa hiyo akiandikiwa tu ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, msingoje tumbo lijae. Hafu morfini inanywewa kwa saa, kawaida kila baada ya masaa manne, siyo mpaka maumivu yarudi ndo mtafute chupa. Na kupewa morfini siyo kwamba mtu anakufa kesho, watu wanaikataa kwa hofu hiyo wanateseka bure, inaniuma sana. Ila kabla hamjaondoka mjue chupa ikiisha mtaijazia wapi karibu na nyumbani, maana siyo dawa ya kununua duka lolote. Wenzetu Uganda sheria inawaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) kuandika morfini wenyewe, tangu 2004, natamani kila wilaya yetu iwe na nesi wa namna hiyo.

Kingine ni homa. Mtu aliyetoka kemo joto likifika 38 ni dharura, hasa wiki ya pili hivi ambapo chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maambukizi, zinakuwa zimeshuka sana, msimpe panadol mkalala mkisema ni malaria. Mpelekeni usiku huo huo, na mapokezi mtangulize kusema amepigwa kemo, tarehe fulani, kauntabuku hili hapa.

Namba ya nesi iandikeni kwenye jalada la kauntabuku kwa kalamu nene, na mumuulize kabisa akiwa likizo simu anapokea nani.