Kwa Mwanangu, Kuhusu Fizi Zako

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikianua dagaa. Unasema daktari wa meno huko Tabora amekuta fizi za chini zimeshuka, anataka akusafishe mpaka chini ya fizi, kisha akate kinyama kwenye kaakaa akipandikize mbele. Unauliza ukubali au uache, maana kinachokusumbua ni maji baridi tu.

Kusafishwa kubali, tena mwezi huu huu. Mimi niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na umri wako, nikakimbia. Majirani walisema ukitolewa ukoga meno yanalegea. Kumbe yalikuwa yamelegea zamani, ule ukoga mgumu ndio uliyashikilia kama saruji, huku chini mfupa unaliwa. Na fizi haziumi! Unaona damu kwenye mswaki, unatema, siku inaendelea. Jino langu la kwanza lilitoka nikitafuna muhogo, la pili halikukawia. (Kwenye picha za harusi ya dada yako nimefunga mdomo, sikuwa nimenuna.)

Ukishasafishwa, baridi itakuchoma zaidi siku chache, na fizi zitaonekana zimeshuka zaidi kwa kuwa uvimbe umeondoka. Usitishike.

Kinyama cha kaakaa usikiharakie. Muulize kwanza: fizi zimeshushwa na ugonjwa au na mswaki? Akupime kwa kile kijiti chenye alama; milimita 1 hadi 3 bila damu ni kawaida. Kama ni mswaki, na ninavyokujua unasugua kama sufuria iliyounguza ugali, nunua ulio laini, acha mkaa na chumvi, kisha akupime tena baada ya miezi michache. Zikitulia, subiri. Zikizidi kushuka, kubali. Fizi iliyoshuka hairudi yenyewe, hata uisugue kwa mwarobaini.

Mwambie daktari pia kwamba baba yako ana kisukari, nawe upimwe. Sukari ikipanda fizi huharibika upesi. Na sigara, unayodhani siijui, huchelewesha kidonda kupona. Ukipandikizwa huku unavuta, utakuwa umetupa pesa.

Pesa ya kusafisha ikipungua nitaongeza nikishauza hawa dagaa. Migebuka mikavu nimempa mtu anayepanda treni, kaipokee stesheni.

Ukitoka kwa daktari nipigie jioni. Mchana niko mwaloni, sisikii kitu.

Mama yako