Re: Riwaya yangu niichape au niiuze kama kitabu pepe? Na bei iweje?
Ndugu, kwa riwaya ya kurasa 180 uliyoitaja, mimi ningeanza na kitabu pepe. Kosa la tahajia ukurasa wa 40 unalirekebisha jioni hiyohiyo. Nakala 500 zilizokwisha chapwa utabaki kuzitazama tu kwenye maboksi chini ya kitanda (najua ninachosema).

Bei ya Kindle (huduma ya Amazon ya vitabu pepe) usiikisie. Kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata mrabaha (fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa) wa asilimia 70, nje ya hapo ni 35. Yaani ukiuza 2.50 unabaki na senti 87 hivi, ukiuza 2.99 unapata kama dola mbili!

Ya karatasi, jumlisha kwanza gharama ya uchapaji na fungu la muuza vitabu, ndipo utaje bei. Jalada gumu achana nalo kwa sasa.