Ukimfuatilia kijana wa besiboli, usianze na wastani wake

Ninaishi Cedar Rapids, jimboni Iowa, nyumbani kwa Kernels, timu inayowalea vijana wa klabu ya Minnesota Twins. Wazungumzaji wa Kiswahili tumekuwa wengi mjini hapa, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, na kila majira ya joto naulizwa swali lilelile: yule kijana anayelinda sehemu ya nje ya uwanja, pale katikati, nitajuaje kama atafika Ligi Kuu (MLB)?

Zijue ngazi kwanza. Kijana wa Twins hupitia Fort Myers, Florida (Single-A), huja kwetu (High-A), huenda Wichita (Double-A), kisha St. Paul (Triple-A), jirani kabisa na Minneapolis wanakocheza wakubwa. Klabu zote 30 zina ngazi hizi nne.

Sasa fungua ukurasa wake kwenye tovuti ya ligi, na kabla ya kutazama wastani wa kupiga (mapigo yaliyomfikisha besi, yaani kituo cha mkimbiaji, kwa kila nafasi ya kupiga), tazama mwaka aliozaliwa. Mimi huanzia hapo kila mara. Mwaka 2010, Kernels ilipokuwa ya klabu ya Angels, nyota wao Mike Trout alicheza hapa hapa akiwa na miaka 18, akapiga 0.362 mbele ya warushaji ambao wengi walimzidi miaka mitatu au zaidi. Mtu wa miaka 24 akipata wastani uleule katika ngazi ileile, hongera zake, lakini ana nguvu za mtu mzima na anapambana na watoto. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Cha pili ni jicho. Mpigaji akiiacha mipira minne mibaya ipite, hupewa besi ya kwanza bure. Akifikisha straiki tatu, yaani kuukosa mpira au kuuacha mzuri upite, ametoka. Linganisha hesabu hizo mbili. Walker Jenkins, aliyechaguliwa wa tano klabu zilipogawana vijana wapya mwaka 2023, alipita kwetu mwaka uliofuata, na msimu ule alipewa besi za bure nyingi kuliko mara alizotolewa kwa straiki. Kwa kijana wa miaka 19 hilo ni jambo kubwa kuliko hom rani zake, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio. Mwili utaongezeka nguvu wenyewe. Kuutambua mpira mbaya ukiwa bado hewani ni kipaji ambacho wengi hawakipati hata wakifundishwa miaka mitano.

Ukiweza, nenda uwanjani, na usiende mara moja. Tangu 2021 timu za ligi ndogo hukutana na mpinzani mmoja wiki nzima, kwa kawaida Jumanne hadi Jumapili. Jumanne kijana anaweza kupiga mipira ya kila mrushaji. Kufikia Ijumaa wapinzani wameshamsoma, na warushaji wa akiba wanakutana naye kwa mara ya pili. Hapo ndipo utaona kama na yeye amewasoma. Tena umwangalie hata wakati hapigi: anaanza kukimbia kabla mpira haujafika juu, au anasubiri auone unakoelekea? Wakimhamisha kutoka katikati kwenda kushoto, huenda wanatilia shaka kasi yake, na mchezaji wa kushoto anatakiwa kupiga zaidi ili apate nafasi.

Takwimu pia hutegemea mahali zilikopatikana. Aprili ya Iowa ni baridi kali, mikono inauma, mpira hauendi mbali. Usimhukumu mtu kwa mwezi huo. Albuquerque, kwenye Triple-A, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mipira inaruka. Hom rani za kule zipokee kwa tahadhari.

Wengi hukata tamaa kijana anapopanda ngazi na kuporomoka. Nawasihi msifanye hivyo. Byron Buxton wa Twins alipiga 0.341 hapa mwaka 2013, kila mtu akaona njia imenyooka. Mwaka uliofuata uliliwa na majeraha, ukiwemo mgongano mbaya uwanjani katika mechi yake ya kwanza ya Double-A. Alifika Ligi Kuu Juni 2015 na msimu ule akapiga 0.209 tu. Mwaka 2017 alitunukiwa Gold Glove, tuzo ya walinzi bora, kwa ulinzi wake.

Aaron Judge wa Yankees ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Alipopandishwa Ligi Kuu Agosti 2016 alitolewa kwa straiki mara 42 katika nafasi 84 za kupiga, nusu kamili. Msimu uliofuata alipiga hom rani 52, na akapewa besi za bure 127.

Na ukimkuta kijana wako ghafla amerudi ngazi mbili chini, usipige kelele kwamba ameshushwa. Angalia kwanza kama alikuwa kwenye orodha ya majeruhi. Mara nyingi anacheza mechi chache tu za kujirudisha, na baada ya wiki mbili utalikuta jina lake kule alikotoka.