Kayaki ndefu inakataa kugeuka

SWALI: Mhariri, nina kayaki ya baharini yenye urefu wa karibu mita 5, ambayo naitumia katika hori ya Kilifi. Nikitaka kugeuka kushoto hupiga kafi upande wa kulia mara nyingi mfululizo hadi mabega yakauma, lakini chombo hakiachi njia yake. Tena upepo wa alasiri ukivuma, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, huuelekea yenyewe. Je, ninakosea wapi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Ndugu msomaji, huenda kosa si la nguvu zako. Kayaki inapokwenda mbele, maji huibana omo pande zote mbili, ilhali tezi, yaani sehemu ya nyuma, hubaki huru kidogo. Kwa hiyo kinachogeuza chombo zaidi ni tezi kuteleza kando. Wengi huchomoa kafi mara inapofika kiunoni, na hapo ndipo ilipokuwa inaanza kufanya kazi. Ichomeke karibu na vidole vya mguu wa kulia, ipitishe mbali na ubavu kwa duara pana, kisha uifuate kwa macho na kifua mpaka ikaribie tezi. Mikono ibaki karibu imenyooka, nawe uzungushe kiwiliwili, kwa maana misuli ya kiuno na mgongo haichoki upesi kama ya mabega.

Lililo muhimu zaidi, na ambalo wanaoanza huliogopa, ni kukilaza chombo. Kalia zaidi tako la kulia na uinue goti la kushoto dhidi ya sitaha, huku kichwa na kifua vikibaki wima juu ya kayaki. Ubavu wa kulia ukizama, omo na tezi hupunguza kushika maji, na chombo huelekea kushoto, yaani kinyume cha upande uliolala. Jizoeze kwanza kwenye maji ya kiunoni, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, kwani utapinduka mara kadhaa.

Upepo nao hufuata kanuni hiyo hiyo: omo imebanwa, tezi inasukumwa demani, yaani upande upepo unakokwenda, basi chombo hugeukia goshini, upande upepo unakotoka. Laza ubavu wa goshini na upige duara pana upande huohuo. Kukiwa na mawimbi, subiri wimbi likuinue katikati, kwa kuwa wakati huo ncha zote mbili huwa karibu hewani na duara moja hutosha.