Re: Lenzi ya sol-jeli, nikaushe oveni nyuzi 110 usiku kucha?

Mkuu, zima hiyo oveni. Maswali yako ya asidi, kalibu na gharama nimeyaona, lakini nilipofika hapo mwisho uliposema jeli ya silika (ndiyo malighafi ya kioo cha lenzi yako) imeshaganda vizuri na leo usiku unaiingiza kwenye nyuzi 110 "ikauke hadi asubuhi", nikaacha chakula mezani. Asubuhi hutakuta lenzi. Utakuta chumvi ya mawe.

Na najua hiyo 110 umeitoa wapi, maana na mimi niliitoa hukohuko: karatasi ya maelekezo anayokupa muuzaji wa TEOS, ile esta ya silika, kimiminika tunachoanzia jeli. Aliyeniuzia mimi aliapa kabisa kwamba ndiyo wanayotumia wote. Kweli, wote wanaotengeneza unga! Unga wa silika upasuke usipasuke, utasagwa tu. Hata utando mwembamba wa kupaka juu ya kioo unavumilia, kwa kuwa unene wake haufiki hata mikroni moja. Wewe unataka kipande kizima chenye unene wa kidole. Yule bwana hakuniuliza natengeneza nini, alihesabu hela zake akaniambia karibu tena. Nikakaribia kweli, mteja mzuri mie, kila bachi ikifa narudi kununua nyingine.

Sasa sikiliza kinachotokea humo ndani. TEOS ikikutana na maji na asidi inajenga mtandao wa silika, na katikati yake kuna vitundu vya upana wa nanomita chache vilivyojaa ethanoli na maji. Kimiminika kikianza kutoka, uso wake unajipinda ndani ya kila kitundu na kuvuta kuta. Piga hesabu: mvutano wa uso mara mbili, gawa kwa nusu kipenyo. Kwa ethanoli, nusu kipenyo ikiwa nanomita 2, unapata kama megapaskali 22, zaidi ya mara 200 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Maji ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Jeli changa ni laini, ikivutwa taratibu inasinyaa na kufuata. Oveni haiipi nafasi hiyo. Nje kunakauka kwanza na kutaka kusinyaa, tumbo bado limejaa maji, linakataa. Hapo ndipo unasikia "tik". Mimi niliisikia nikiwa nimesimama mlangoni, nikajua ni bati la oveni linatanuka kwa joto, nikaenda zangu kulala. Na kipande kikiwa kinene ndiyo kinakufa mapema.

Kwa hiyo shika hili moja: uzito ukiwa bado unashuka, joto halipandi. Saa achana nayo, kalenda achana nayo, muuzaji ndiyo kabisa. Ifungie jeli kwenye chombo chake, isipitishe hewa, siku kadhaa kwenye nyuzi 60 hivi ili mtandao ukomae. Halafu toboa kifuniko kwa sindano, vitundu vichache tu, upime kila asubuhi mpaka uzito usimame. Katikati ya safari itapoteza uangavu na kuwa nyeupe. Usishtuke, vitundu vinaanza kumwaga kimiminika na mwanga unatawanyika. Ikimaliza itaangaza tena. Wengi wanaiua hapo, wanaona imeharibika wanaipandishia moto "imalizike". Wengine wanaitumbukiza majini kuisafisha. Jeli kavu ikinywa maji ghafla inapasuka unaitazama.

Ebelmen, yule Mfaransa wa miaka ya 1840, alipata kioo angavu kwa kuiacha esta ya silika kwenye hewa yenye unyevu igande taratibu. Karatasi ya muuzaji hakuwa nayo, bahati yake.

Atakuja mtu hapa chini kukwambia weka formamaidi, kimiminika cha kuchanganya ili jeli isipasuke ikikauka. Inasaidia, sikatai, ila ni sumu, na kuitoa baadaye ni kazi nyingine. Hata baadaye kwenye tanuri, unapoichoma jeli kavu iwe kioo, kanuni ni ileile: ukikimbilia nyuzi 1000 na kitu huku kaboni na maji bado vimo, vitundu vinajifunga juu yake, unapata kioo cheusi au chenye mapovu. Kati ya 200 na 500 nenda kama hutaki.

Kalibu iwe ya plastiki. Jeli ya silika inang'ang'ania kioo, ikizuiwa kusinyaa inapasuka. Na mwisho wa yote itabaki nusu ya upana wake au pungufu, kwa hiyo lenzi yako ya sentimita 5 inataka kalibu ya 10 kwenda juu. Na huyo aliyekushauri TMOS, ndugu yake TEOS, eti inaganda haraka, mwambie mvuke wake unaharibu konea na unaweza kupofusha. Utatengeneza lenzi watazame wenzio.

Kanunue mzani unaosoma hadi gramu 0.01, kesho weka hapa uzito wa asubuhi. Asidi ya bachi ijayo tutaijadili hii ikiwa bado hai.