Nina elfu 55 na nyumba tupu: ninunue vipya kwa mkopo au vya mtumba?

Mdogo wangu wa Bombolulu, hapa Mombasa, nimelisoma swali lako mara mbili. Umepanga chumba na sebule, una shilingi elfu 55 za Kenya mkononi, kuna duka limekubali kukupa friji, meko na godoro vipya ulipe kila mwezi, na kuna mtu Mtwapa anauza friji yake kwa elfu 17. Walionitangulia kukujibu wamesema "mtumba" basi, wakaenda zao. Na mimi nasema mtumba, lakini si kila kitu, na usinunue kama nilivyonunua mimi mara ya kwanza.

Tulihamia Mikindani mwaka 2013, mimi na mume wangu na mtoto mmoja mgongoni. Friji tuliipata mjini kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, elfu 14. Tulipofika tuliikuta imewashwa, imejaa barafu juu. Nikaingiza mkono, baridi ikanipanda hadi kiwikoni, nikaona tumepata bahati. Tukalipa papo hapo, na elfu moja na mia tano ya pikapu juu yake. Wiki ya tatu maziwa ya mtoto yakaharibika. Fundi akaja, akasema gesi imeisha, akajaza kwa 3,500. Siku kumi, ndani joto tena. Fundi wa pili akasema kompresa, ile mota ya friji, imechoka, tukaweka nyingine ya 7,500. Jumlisha: 26,500. Friji mpya ya ukubwa ule wakati huo niliiona dukani kwa elfu 27, tena na waranti. Na ile yetu haikumaliza mwaka. Niliporudi kwa muuzaji aliniambia mali ikishatoka mlangoni si yake. Risiti aliyonipa haikuwa hata na namba ya simu.

Iliniuma sana, maanake zile pesa tulizichanga mwaka mzima.

Lakini yule fundi wa pili, mzee wa makamo kutoka Changamwe, alinifaa kuliko pesa nilizomlipa. Aligeuza ndoo akaniambia niketi, akanionyesha nyuma ya friji. Pale chini kuna kitu cheusi mfano wa chungu, ndiyo kompresa. Akanishika mkono akauweka juu yake. "Ulipofika dukani, uliigusa hapa?" Sikuigusa. Akanieleza kwamba kompresa dhaifu ukiiacha iungurume tangu alfajiri, itagandisha tu mwishowe. Kinachoishinda ni kuanza kutoka kwenye joto, na zaidi kuwaka tena ikiwa imeshapata moto. Kwa hivyo friji unayoikuta imejaa barafu haijakuambia lolote kuhusu afya yake. Wewe omba izimwe kabla hujafika, na ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja pale nyuma. Ikiwa ya moto, imewashwa kwa ajili yako.

Ya pili niliinunua mwaka 2015 kwa familia iliyokuwa ikihama Nyali, elfu 18. Niliikuta imezimwa, mlango wazi, kitambaa kimefungwa kwenye mpini usijifunge. Nikaiwasha mwenyewe, nikakaa nao sebuleni karibu saa nzima nikinywa chai yao. Imebadilishwa raba ya mlango tu, mara moja, 1,200. Ndiyo inayounguruma jikoni nikiandika haya.

Sasa hesabu. Bei anayokutajia muuzaji ni kipande tu. Weka usafiri, na kwa chochote chenye mota weka robo ya bei kando kwa ajili ya fundi, hata kama kinaonekana kizima. Jumla ikipita nusu ya bei ya kipya, mimi huacha, kwa sababu kipya kina waranti na cha mtumba hakina. Friji ya Mtwapa: 17,000, usafiri 2,000, fundi kama 4,000, ni elfu 23. Kaulize dukani friji kama hiyo mpya ni pesa ngapi kwa pesa taslimu, usiulize kwa mwezi. Na ule mkopo, tafadhali chukua kalamu, zidisha malipo ya mwezi kwa miezi yote, uongeze malipo ya mwanzo. Wakikutajia "elfu tatu tu kwa mwezi" hawakudanganyi, ila hawakutajii mwisho wake. Tena kodi ya nyumba haingojei, na mwezi ukibanwa watakuja kubeba friji uliyokwisha kuilipia nusu.

Kuna vitu ambavyo vya zamani ni bora kuliko vipya kabisa, hata pesa ukiwa nazo. Kimojawapo ni mbao. Hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Vitanda na makabati mengi ya bei nafuu yanayouzwa mapya ni mbao za unga uliogandishwa na gundi, zikilamba maji ya deki mara kumi zinavimba miguu kama mkate kwenye chai. Kitanda changu ni cha mvule, nilikipata Mji wa Kale kwa elfu 9, kwa watu waliokuwa wakigawana vitu vya marehemu bibi yao. Tulikifungua vipande, hamali akakitoa kwa mkokoteni kwenye vile vichochoro, akirudi nyuma kila tunapopishana na pikipiki. Mvule ule una umri kunizidi mimi. Unapokagua mbao, lala chini kabisa utazame upande usiopigwa vanishi, chini ya miguu na kwenye viungo. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe laini kama poda umeanguka sakafuni, kuna wadudu hai ndani, usikipeleke nyumbani kikakuambukizia milango. Vitundu vikavu visivyo na unga ni vya zamani, hivyo havinitishi.

Mapazia, mashuka na nguo, nenda soko la Kongowea. Waulize wenye vibanda siku zao za kufungua robota, ule mzigo wa mitumba uliofungwa. Asubuhi yake ndiyo kamera, zile nzuri za kuchaguliwa mwanzo, na bei yake iko juu kwa sababu wenye maduka wanazigombania. Alasiri bei inashuka, na mwisho ni fagia, yale mabaki. Kwa pazia na shuka huna haja ya kamera hata kidogo, nenda saa tisa. Linyooshe pazia ulitazame dhidi ya jua: utaona mistari pale nguo ilipoliwa na jua la dirishani huko ilikotoka, na tobo zote. Lishike pia kwa uzito. Pazia la pamba nzito la mtumba nililolipa 600 lina miaka saba sasa, wakati mapya mepesi niliyonunua kwa ajili ya Idi yalipauka kabla ya Idi nyingine. Nina mama mmoja ninayenunua kwake siku zote, na sioni haya kusema kwamba simkabi bei mpaka mwisho. Serikali iliposimamisha kuingiza mitumba Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi Agosti, aliuza robota la mwisho kisha akakaa na watoto bila kitu. Nikimwachia hamsini yake, huniwekea shuka pembeni akiona ni nzuri.

Viatu vinataka macho makali. Mwaka juzi nilimnunulia kijana wangu raba nyeupe, safi, hazijavaliwa hata mara tano. Siku ya nne alirudi shuleni soli imemeguka vipande, ndani yake kama keki kavu. Nyingi za raba hizi zina soli ya povu inayooza kwa unyevu na umri tu, hata zikiwa zimekaa ndani ya boksi. Kwa hivyo usitazame tu kama soli imelika. Kikunje kiatu katikati, kisha kandamiza ukucha pembeni ya soli: ikiwa hai, alama inarudi. Ikiwa ngumu kama chaki au inanata kwenye kidole, kirudishe fungu lake. Vya ngozi vilivyoshonwa soli hununuliwa bila wasiwasi, fundi viatu atakushonea nyingine.

Godoro nunua jipya. Kunguni hawaonekani mchana, na ukishawaingiza kwenye chumba cha kupanga utawagawia majirani wote wa ploti. Mpira wa gesi na regyuleta vipya, na mtungi uchukue kwa wakala anayejulikana, wenye sili. Nguo za ndani za mtumba haziruhusiwi kuingizwa nchini, ukiziona zimetandazwa pita. Helmeti ya pikipiki pia mpya, kwa sababu iliyowahi kugonga chini inaweza kuwa imepasuka ndani na nje ing'ae.

Simu: bonyeza *#06#, namba itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi na risiti, na mkutane mahali penye watu. Asiye na risiti wala boksi mwache hata akikupa kwa elfu mbili. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na bei ya kutupa ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa kituoni.

Jambo jingine hapa Mombasa, kwa kuwa makontena yanashuka mlangoni petu, ni umeme. Vitu vya ex-UK, vilivyotumika Uingereza, vinatufaa moja kwa moja, plagi ni ile ile ya meno matatu bapa na umeme ni sawa na wetu. Vya kutoka Japani ni vya volti 100. Jirani yangu aliletewa jiko la wali la umeme, zuri mno, akabadilisha plagi tu akachomeka kwenye 240. Liliwaka sekunde chache, moshi, basi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa: uone 220-240V na 50Hz.

Kwa elfu 55 zako ningegawanya hivi: godoro jipya 12, meko ya gesi ya kilo 6 kama 6, kitanda cha mbao kilichotumika 9, mapazia na mashuka 3, friji na gharama zake zote 23. Inabaki elfu mbili ya sufuria. Ile elfu 4 ya fundi usiiguse hata ukiona viatu vizuri Kongowea.

Na yule mtu wa Mtwapa, mpigie leo jioni. Mwambie aizime friji usiku, utafika asubuhi. Ukifika, kiganja nyuma kwanza. Iwashe, usikilize: iungurume sawasawa, isikwaruze wala kubisha. Tia noti ya mia mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha, mpunguzie elfu moja na mia tano. Chungulia chini na kwenye mabomba ya nyuma kama kuna kutu ya kumeguka, maanake Mtwapa ni pwani kama kwetu. Baada ya nusu saa upande wa barafu uwe unauma vidole. Kisha izime, ngoja dakika kumi, iwashe tena ikiwa na moto wake. Ikikataa kuwaka, au ikapiga "tk, tk" na kunyamaza, mshukuru urudi Bombolulu kwa matatu. Ikiwaka, lipa, andikishaneni jina na namba ya simu, isafirishwe imesimama, na nyumbani iache hadi kesho yake kabla ya kuichomeka ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Akikataa kuizima usiku kwa sababu yoyote ile, usiende.