Ndugu yako anasikia sauti? Usibishane nazo

Tanga, kuanzia barabara za Ngamiani mpaka Makorora, si ajabu kusikia kuna kijana aliyeanza kusema peke yake, kucheka bila sababu au kushikilia kwamba majirani wanamfanyia njama. Safari ya kwanza mara nyingi huwa ni kwa mganga, akapungwe. Dua ya wazee haina ubaya, ila dalili hizo huweza kuwa za skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao humpata takriban mtu 1 kati ya 100 katika maisha yake, na wanasaikolojia wameeleza mengi kuhusu fikra zinavyokwenda ndani ya ugonjwa huu. Maelezo hayo yanamsaidia ndugu kujua la kufanya anapomkuta mgonjwa barazani anamjibu mtu asiyeonekana.

Sauti kwanza. Kila mtu husema kimoyomoyo. Ukienda sokoni unajikumbusha, "nazi mbili, dagaa, mafuta ya taa", na ubongo unajua msemaji ni wewe, kwa sababu huwa umejijulisha mapema kwamba neno hili ni lako. Chris Frith, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza mwaka 1992 kuwa katika skizofrenia huko kujijulisha kunalegea: neno linasikika, mwenyewe hajulikani. Mwaka 2000 yeye na wenzake walilipima hilo kwa mtekenyo. Mtu akijitekenya mwenyewe kwa kawaida hatekenyeki, lakini wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au kuhisi wanaendeshwa na nguvu ya nje, waliusikia mguso wao wenyewe kwa nguvu ileile ya mguso wa mtu mwingine. Kwa hiyo akisema "wananisema", hadanganyi wala hajifanyi.

Ukimwambia "hakuna sauti" umemfunga mdomo tu, kesho hatakwambia. Sema hivi: "Mimi sizisikii, kaka, lakini naona zinakuchosha. Zinasemaje?" Na kwa kuwa usemi wa moyoni unatumia njia zilezile za ulimi, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakiushughulisha mdomo: kuvumisha kaswida, kusoma kwa sauti, kuhesabu. Si wote. Jaribuni saa ambazo sauti huzidi, hasa jioni akiwa peke yake.

Kuhusu shuku, kuna jaribio la shanga lililofanywa London, likachapishwa mwaka 1988. Mitungi ni miwili: mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za nyingine, wa pili ni kinyume chake. Mtu anaonyeshwa shanga mojamoja kutoka mtungi asioujua, asema ni upi akishakuwa na uhakika. Wengi wenye imani potofu huamua baada ya shanga moja au mbili. Basi bodaboda akisimama mbele ya nyumba mara mbili, kesi imekwisha: ametumwa.

Hapo ndipo familia huharibu. Wanaitwa wajomba watano, wanabishana naye mpaka usiku wa manane, na anatoka na ushahidi mpya kwamba nanyi mmo. Kumkubalia "ndiyo, kweli wametumwa" nako ni kosa. Badala yake mwongezee shanga, kwa upole: "Umemwona mara ngapi? Siku nyingine huwa anasimama wapi? Nini kingine kinaweza kumweka pale?" Majibu yatoke kwake: anangoja abiria, kuna duka la vocha. Akianza kukasirika, acha, zungumzeni habari za mpira. Kosa baya kuliko yote ni kumtilia dawa kwenye uji kwa siri. Siku akigundua, imani yake kwamba anatiliwa sumu mmeithibitisha wenyewe.

Wagonjwa waliotoka hospitali nchini Uingereza walifuatiliwa kwa miezi 9, na matokeo yakatolewa mwaka 1976. Waliorudi kwenye nyumba za karipio, uhasama au mahangaiko yaliyopita kiasi, 51 kati ya kila 100 waliugua tena. Nyumba zilizotulia, 13. Hatari ilipanda zaidi kwa waliokaa uso kwa uso na ndugu hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. Hii inaeleza kurudi kwa ugonjwa, haielezi chanzo chake. Dhana ya miaka ya 1940 kwamba mama ndiye anayemtia mwanawe skizofrenia ilishaanguka, kwa hiyo wifi anayemnyooshea mama kidole anyamaze. Kinachofaa ni kupeana zamu: leo dada, kesho shangazi, mgonjwa naye apate saa zake za kutoka, na mama apumzike. Mama anayemlisha kijana wa miaka 25 na kumfuata mpaka chooni naye yumo kwenye hayo mahangaiko, japo anafanya kwa mapenzi.

Usimwite mvivu. Kumbukumbu ya kushika mambo kwa muda mfupi hupungua, na wengi wameshajiambia "nikijaribu nitashindwa". Ukimwambia "oga, fua, kisha nenda dukani", la tatu limepotea. Mwambie moja, limalizike, ndipo la pili.

Mazungumzo haya hayashiki nafasi ya dawa. Sindano ya flufenazini, mojawapo ya dawa hizo, hutolewa kwa kawaida kila baada ya wiki 2 hadi 4, na akipata nafuu asiache bila daktari kujua. Shingo ikipinda na macho yakapanda juu siku chache baada ya dawa, wengi husema jini limerudi. Ni mkakamao wa misuli unaoletwa na dawa yenyewe, na hospitalini hutulizwa upesi kwa dawa nyingine. Vilevile, mtu aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa apimwe malaria kabla ya yote.

Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au akikesha usiku kadhaa bila kulala wala kula, mpelekeni Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, siku hiyohiyo. Walio upande wa Korogwe wana Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili huko Usambara. Aende na ndugu anayeishi naye, akiwa ameandika lini yalianza, dawa gani alimeza na kama anavuta bangi, maana daktari atauliza hayo kwanza.